Maji moto hayana nguvu ghorofani: nipasue ukuta au ninunue pampu?

Kwa Mshauri,

Salamu. Naishi Buruburu, na baridi hii ya Julai imetukuta tukioga kwa beseni ilhali hita ipo na stima tunalipia. Shawa ya ghorofani ukiifungua upande wa moto, maji yanachuruzika tu, hata povu la shampuu halitoki kichwani. Fungua baridi, yanakupiga mpaka unaruka.

Mpangilio wenyewe uko hivi. Maji ya kanjo, yaani ya bomba la jiji, yakija, mengine yanapanda kwenye tangi la juu ya paa, mengine yanaingia moja kwa moja kwenye mifereji ya baridi. Hita iko darini na inalishwa na tangi pekee. Kutoka tangini hadi kwenye shawa ni kimo kisichofika mita 2, na kwa kuwa presha ya bar 1 inataka kama mita 10, sitarajii miujiza. Jikoni, huko chini, maji moto yana nafuu.

Kinachonitatiza ni hiki: siku za mgao, kanjo wakifunga, tunafungulia valvu ili baridi nayo itoke tangini. Siku hizo shawa ile ile inatoa maji moto ya kuoga mtu akatosheka! Kanjo wakirudisha, taabu inarudi. Mfereji wa moto wa sinki la bafuni, usiochanganya na baridi, haubadiliki siku yoyote.

Fundi wa kwanza alifungua kichwa cha shawa, akakung'utia kiganjani mchanga na magamba mekundu ya kutu. Akasema mabomba ya chuma, ambayo ni ya tangu nyumba ijengwe, yameziba. Yang'olewe yote tuweke ya plastiki. Hapo ni kupasua vigae bafu zima. Wa pili hakufungua chochote. Alisimama mlangoni, akatazama juu, akasema pampu. (Bei ya pampu alikuwa nayo tayari.) Sina ugomvi na pampu, lakini kama bomba limeziba itasukuma nini? Na stima ikipotea?

Jirani yangu anasema baridi ya kanjo inaizidi moto nguvu pale zinapokutana kwenye shawa, kwa hiyo baridi ya bafuni ilishwe na tangi siku zote. Mimi naelekea kwake. Mke wangu hataki kusikia, anasema tutabaki na shawa dhaifu pande zote mbili.

Naomba unisaidie: nianze na wazo la jirani? Kuna njia ya kujua bomba limeziba kabla ya kugusa vigae? Na ikibidi pampu, ikae kabla ya hita au baada yake, maana hita yetu ina bomba la kupumulia linaloishia juu ya tangi?

Msomaji wako,
Buruburu, Nairobi