Kabla hujaagiza valvu

Swahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako ilinifika jana jioni na nimeisoma mara mbili, kwa sababu jambo uliloniuliza limenikaa kichwani kwa miezi sasa. Unasema umepata priampu ya santuri ya valvu, kile kisanduku kinachokuza sauti ndogo ya sindano kwa taa za kioo kabla haijafika kwenye amplifaya, ya bei rahisi, dada wa hii yangu. Unasema inavuma, besi haikai mahali pake, na umeshachagua jozi ya valvu za zamani za kuagiza ili upone adha hiyo. Nakuomba usiagize kwanza. Soma barua hii mpaka mwisho, halafu uamue.

Mimi nami nilianzia kwenye valvu. Nilizing'oa valvu mbili za aina ya ECC83 zilizokuja nayo, nikapachika nyingine nzuri nilizokuwa nimezitunza. Siku ya kwanza niliona kama kuna nuru imeingia kwenye muziki. Siku ya tatu, usiku nyumba imetulia, nikanyanyua sindano juu ya santuri, nikafungua sauti, na mvumo ulikuwa ule ule, hata nukta haikupungua. Nikarudisha zile za kwanza. Hali ileile. Hapo ndipo nilipogeuza sanduku juu chini na kufungua mfuniko wa chini, na kazi ya kweli ikaanza.

Kabla ya yote, usalama wako. Ndani ya sanduku lile kuna volti zinazokaribia 300, na zinabaki kwenye kapasita, vile vikopo vinavyotunza umeme, hata ukishachomoa plagi. Yangu haikuwa na kitu chochote cha kuzimwaga. Nilipima dakika kumi baada ya kuzima nikakuta bado kuna volti 140 zimekaa kimya zinasubiri kidole. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa nilichokilehemu ni rezista (kizuizi cha umeme) ya kiloomu 220, wati 2, sambamba na kapasita kubwa, ile ambayo baadaye niliibadilisha ikawa ya maikrofaradi 47. Sasa nikizima, ndani ya dakika moja zimekwisha. Hata hivyo napima kila mara, na siingizi mkono mpaka mita isome chini ya volti 5. Ukilazimika kupima ikiwa imewashwa, mkono mmoja uuweke nyuma ya mgongo. Hili nakusisitizia kuliko mengine yote humu.

Sasa huo mvumo. Santuri haikatwi kama muziki ulivyo: besi hupunguzwa ili mifereji isipanuke kupita kiasi, na sauti nyembamba huongezwa ili zishinde mchakaro wa plastiki. Priampu inageuza yote mawili kwa mizani ya RIAA, iliyopewa jina la chama cha warekodi wa Marekani, ambayo viwanda vilikubaliana katikati ya miaka ya 1950. Matokeo yake ni kwamba sauti ya 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde) inakuzwa kama mara 7 zaidi ya ile ya 1,000 Hz. Na 50 Hz, au 60 kwa wenye umeme wa namna hiyo, ndiyo sauti ya umeme wa ukutani. Katriji ya sumaku, kile kichwa kinachobeba sindano, inatoa milivolti 4 au 5 tu. Chochote kidogo cha umeme wa ukutani kikijipenyeza karibu na mlango wa kuingilia, mizani ileile inayoirudisha besi inakibeba na kukipandisha.

Yangu ilikuwa na mivumo miwili iliyopandana, na ilinichukua wiki nzima kuitenganisha kwa masikio. Mmoja mzito na laini, wa 50 Hz. Mwingine mkali kidogo, kama nyuki ndani ya kopo, wa 100 Hz. Ule wa nyuki unatoka kwenye umeme ulionyooshwa na dayodi (kifaa kinachoupitisha upande mmoja tu) usisafishwe vya kutosha. Ule laini unatoka kwenye transfoma yenyewe au kwenye hita za valvu, zile nyaya za ndani zinazoipasha moto. Kila mmoja una dawa yake, ukichanganya unazunguka mahali pamoja.

Nilianza na nyuki. Kiwandani walikuwa wameweka rezista ya kiloomu 1 na kapasita ya maikrofaradi 10. Piga hesabu: kwenye 100 Hz kapasita hiyo ina upinzani wa omu 159, kwa hiyo uchafu unapunguzwa mara 6 tu. Nikaweka rezista ya kiloomu 10, wati 2, na ile kapasita ya maikrofaradi 47 niliyokutajia, yenye upinzani wa omu 34 hivi. Uchafu sasa unagawanywa kwa karibu 300. Gharama yake ni kwamba volti zilishuka kutoka 290 na kidogo hadi karibu 250, kwa sababu mkondo wote ni kama miliampia 5 na unapita kwenye rezista hiyo. Valvu hazikulalamika. Ila kapasita iwe ya volti 400, usijaribu ya 250: ukiwasha, valvu bado baridi hazivuti kitu, na kwa sekunde kadhaa volti zote zinaikalia.

Nyuki akanyamaza siku hiyohiyo. Nilikaa gizani nikisikiliza ule mvumo laini uliobaki, sasa ukiwa peke yake, na kwa mara ya kwanza niliusikia wazi ulivyo.

Transfoma yangu ilikuwa imefungwa sentimita chache tu kutoka valvu ya kushoto, na upande wa kushoto ndio uliovuma zaidi. Niliifungua, nikairefushia nyaya, nikaifunga ndani ya kisanduku chake cha bati kilichounganishwa na ethi (waya wa ardhini), kisha nikavaa hedifoni na kukisogeza kisanduku taratibu juu ya meza. Ungependa kuisikia sauti ile ikifa. Kwenye sentimita 20 ilikuwa nusu. Kwenye 40 ikawa ya kutafuta. Halafu nikakigeuza kisanduku robo duara papo hapo, ikapungua tena. Sasa kimekaa chini, nyuma ya kabati, mbali na mkono wa santuri pia.

Kilichosalia kilikuwa cha hita. Watu wengi watakwambia uzinyooshee hita umeme kwa dayodi na kapasita kubwa. Inafanya kazi, lakini ujue kwamba mkondo unavutwa kwa mapigo, na waya wa transfoma utabeba kama mara 1.6 hadi 1.8 ya mzigo wa mwanzo. Transfoma ndogo kama hizi zetu zinachemka. Mimi nilifanya jambo dogo zaidi. Hita zangu ni za volti 6.3 na hazikuwa zimeegemea ethi mahali popote. Nilichukua rezista mbili za omu 100, nikaunganisha moja kutoka kila waya wa hita kwenda ethi, ili ethi ikae katikati. Nikazisokota nyaya za hita zikazunguka pamoja, nikazipitisha pembeni, mbali na gridi, mlango wa valvu unaopokea sauti. Hapo nikaridhika, sikuendelea.

Utaona pia taa ndogo ya rangi ya chungwa chini ya kila valvu. Zikate. Valvu ina mwanga wake, mdogo na wa ndani, na unatosha.

Nije kwenye besi isiyokaa mahali pake, maana hapa ndipo nilipofurahi zaidi. Una santuri ya gitaa la besi na sauti ya mwanamke iliyorekodiwa katikati? Kwangu sauti ilikuwa katikati sawasawa, lakini besi ilikuwa ikiinamia kulia. Nililaumu spika, nikazibadilisha nafasi. Besi ikabaki kulia. Basi nikaondoa kapasita za mizani ya RIAA moja moja na kuzipima. Zote zilikuwa zimeandikwa nanofaradi 10. Ya kushoto ilisoma 10.9. Ya kulia ilisoma 9.2. Nilizipima tena, nikazipuliza zipoe, nikapima mara ya tatu.

Fikiria maana yake. Kapasita hiyo ndiyo inayotawala kati ya 50 Hz na 500 Hz. Kubwa inameza besi zaidi, ndogo inaiachia. Tofauti ya pande mbili ilikuwa karibu desibeli 1, na juu ya hapo, ambako rezista ndiyo inayotawala, pande zote zilikuwa sawa. Ndiyo maana sauti ya mwimbaji haikuhama. Kitu kidogo chenye umbo la punje, bila kelele yoyote, kilikuwa kinamhamisha mpiga besi kutoka mahali alipokaa.

Nilinunua kapasita kumi za polipropilini za thamani hiyohiyo, nikazipima zote na kuandika namba kwenye karatasi, nikachagua jozi iliyokaribiana zaidi: 10.02 na 10.03. Nikafanya hivyohivyo kwa zile ndogo za nanofaradi 3.4 hivi. Kwa rezista inayofuatana na ile kapasita ya nanofaradi 10 unataka kiloomu 31.8, ili ukizidisha upate maikrosekunde 318 za RIAA. Haiuzwi, lakini 27 na 4.7 zikifuatana ni 31.7. Tumia za metali. Nikiwa hapo nilibadilisha na zile za kaboni za kiloomu 100 kwenye anodi, mlango wa valvu unaotoa sauti, na ule mfoko kama wa mvuke nyuma ya muziki ulipungua.

Na hapa ndipo ninaporudi kwenye valvu zako. Rezista kubwa ya mizani, kiloomu 150 kwangu, haifanyi kazi peke yake. Inajumlishwa na upinzani unaotoka kwenye anodi ya valvu ya kwanza, kama kiloomu 68. Maana yake valvu ni sehemu ya mizani. Ukipachika ECC81, inaingia kwenye soketi bila shida, lakini inaleta kiloomu 50 hivi badala ya 68, na RIAA yako inahama. ECC82 nayo inaingia, ila kipimo chake cha ukuzaji ni chini ya 20 wakati ECC83 ni 100, na sauti itakuwa hafifu. ECC88 usiiguse kabisa kwenye soketi hii: pini ya 9 kwa ECC83 ni katikati ya hita, kwa ECC88 ni ngao ya ndani. Ukinunua, nunua ECC83, na kabla ya kumsikiliza mtu yeyote gonga kioo chake kidogo kwa ncha ya mpira ya penseli huku sauti imefunguliwa. Ikilia kama kengele, haifai kwa kazi hii, iwe imetoka wapi.

Ulilalamika pia kwamba herufi "s" zinachoma sikio. Angalia kwenye jeki za kuingilia; kwangu kulikuwa na kapasita ya pikofaradi 220 imelehemiwa pale. Ukijumlisha waya wangu, kama 120, na zile 60 ambazo valvu yenyewe inaonyesha kwenye gridi, zinafika 400. Katriji yangu ina koili ya henri 0.5. Vikikutana vinatoa mlima kwenye 11,000 Hz hivi, palepale "s" inapokaa. Nilipoikata ile 220, mlima ulipanda hadi karibu 16,800 Hz. Mwimbaji sasa anatamka bila kutema. Koleo, sekunde kumi, na sikununua kitu.

Kuna jambo moja nililikosea na sitaki ulirudie. Kapasita ya kutokea ilikuwa ya maikrofaradi 0.22, nikaiona ndogo, nikaweka 4.7 kwa kudhani besi itashuka zaidi. Nikaweka santuri iliyopinda kidogo, na koni za spika zikaanza kwenda mbele na nyuma polepole, kila mzunguko, kama kifua cha mtu aliyelala. Santuri ya mizunguko 33⅓ ikipinda inasukuma kwenye 0.55 Hz. Ile 0.22, kwenye amplifaya yangu ya kiloomu 100, inakata kwenye 4 Hz na kuuzuia mwendo huo, 4.7 inakata kwenye 0.2 Hz na kuuachia wote. Nilirudisha 0.22 usiku uleule. Niliweka tu ya polipropilini badala ya ile ya zamani.

Waya wa kwenda kwenye amplifaya uwe mfupi. Kwa upinzani wa kiloomu 68 unaotoka kwenye priampu, pikofaradi 300 za waya mrefu zinaanza kula sauti nyembamba kwenye 8,000 Hz. Wangu hauzidi nusu mita.

Nimekufungia bahasha ndogo ndani ya hii. Zilizobaki kwenye zile kapasita kumi zilikuwa nane, na nne kati yake zinakaribiana vizuri: 9.94, 9.95, 10.08 na 10.09. Nimeandika namba ya kila moja kwa penseli kwenye ubavu wake. Pima za kwako kwanza kabla hujang'oa chochote, uniandikie ulichosoma kushoto na kulia, na uniambie besi yako imeinamia upande gani.

Wako daima,
Swahibu yako