Koti la mitumba lilituingiza kwenye kadi

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Kondele, Kisumu. Mwaka jana nilinunua koti la mtoto pale soko la Kibuye, na mfukoni nikakuta kadi nne za Pokémon, zile za kuchezea na kukusanya zenye picha za viumbe wa katuni, zimefungwa kwa raba. Nilitaka kuzitupa. Kijana wangu wa darasa la sita akazidaka kama kuku aliyeona panzi.

Tangu hapo tunajifunza pamoja. Kadi hizi zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996. Chini pembeni pana nambari ndogo. 25/102, kwa mfano, ni kadi ya 25 katika seti ya kadi 102. Karibu nayo pana alama: duara ni kadi ya kawaida, nyota ni adimu. Kwa macho yangu haya ya kutunga sindano, sioni bila miwani.

Kosa la kwanza tulilifanya nyumbani. Kijana alizibandika daftarini kwa ugali! Kuzibandua, migongo ikachunika. Sasa zinakaa kwenye sanduku la viatu, mbali na jua.

La pili ni langu. Nilimnunulia pakiti ya kadi ya shilingi 300 kwa mchuuzi mjini. Jioni kijana akazimulika kwa tochi ya simu, mwanga ukapenya kama kwenye pazia la leso. Kumbe ni bandia! Kadi halisi ina utando mweusi katikati.

Je, ukurasa wenu wa watoto hauwezi kutenga kona ndogo ya wakusanyaji? Kijana ana kadi mbili zinazofanana, na hapa mtaani hajapata wa kubadilishana naye.

Fundi cherehani,
Kondele, Kisumu