Barua kwa mwanangu: jedwali lako limewasahau waliolipa

Mwanangu,

Marahaba. Insha yako imefika, nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi kama babu yako alipokuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Umeandika vizuri. Mwalimu akikunyima maksi, mwambie aje hapa Cleveland tuzungumze. Ila umeniomba maoni juu ya hoja yako kwamba Browns ya 2017, timu yetu ya hapa katika NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, iliyocheza mechi 16 ikafungwa zote 16, ilikuwa uwekezaji uliolipa. Hapo siwezi kukuitikia tu kwa sababu umenipangia majedwali.

Hesabu zako ni za kweli, na hilo nalisema mapema usije ukadhani nabishana na namba. NFL haina kushuka daraja. Timu ni 32, msimu ukiisha zinabaki 32 zilezile, na iliyoshika mkia ndiyo inayotangulia kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, uchaguzi unaoitwa drafti. Mtu wa Tanga hayo kuyazoea ni kazi. Mwaka 2016 Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT zilishuka zote tatu kwa mpigo, mji ukabaki bila timu ya Ligi Kuu. Coastal, bingwa wa 1988, ilisota huko chini mpaka 2018. Siku nilipompigia ami yako kumweleza kwamba huku kuna timu imefungwa msimu mzima na zawadi yake ni kuchagua mchezaji kabla ya wenzake wote, alidhani mtandao unakata maneno. Akaniambia nirudie polepole.

Kwa hiyo naelewa ulivyovutiwa na akili ya mpango wenyewe. Januari 2016 mwenye timu alimkabidhi usukani Sashi Brown, mwanasheria wa klabu, akamwongezea Paul DePodesta kutoka kwenye besiboli. Wakaamua kwamba timu ya kushinda mechi tano au sita kila mwaka haina faida, bora ivunjwe ianze upya. Wakongwe wakaachwa waondoke. Nafasi ya pili ya kuchagua katika drafti ya 2016 ikauzwa Philadelphia, ya 12 mwaka uliofuata ikauzwa Houston, kila mara kwa kubadilishana na nafasi nyingi zaidi za baadaye. Na lile la Brock Osweiler, kwotabeki, yaani mrushaji mkuu wa mpira, umelieleza vizuri kuliko magazeti: Houston walikuwa wamechoka na mshahara wake wa dola milioni 16, Browns wakaubeba wao ili wapewe nafasi ya raundi ya pili, kisha msimu haujaanza wakamfuta mtu mwenyewe. Nafasi hiyo ndiyo iliyomleta Nick Chubb. Ukiwaongeza nyota wengine wa drafti, Myles Garrett, Denzel Ward na Baker Mayfield, tunafika msimu wa 2020: ushindi 11, halafu Steelers wanapigwa 48 kwa 37 nyumbani kwao Pittsburgh, ushindi wetu wa kwanza wa mtoano tangu Januari 1995. Usiku ule nilipiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga dari. Sijifanyi kwamba sikula matunda.

Sasa nionyeshe, katika jedwali lako, safu ya DeShone Kizer iko wapi.

Umemtaja mara moja, ukurasa wa nne, kwenye mabano: pasi 22 zilizonaswa na wapinzani, nyingi kuliko za kwotabeki yeyote wa ligi mwaka ule. Ukampita. Mimi nataka usimame hapo. Kizer ni kijana wa Toledo, hapo tu magharibi ya ziwa Erie. Alichaguliwa raundi ya pili ya 2017 akitoka Notre Dame, na kocha wake wa chuo alisema wazi kwamba bado hajaiva. Alikuwa na miaka 21, rika lako la leo. Timu ya kawaida humkalisha benchi mtu kama huyo mwaka mzima, ajifunze nyuma ya mkongwe. Browns hawakuwa na mkongwe, kwa sababu kutokuwa na wakongwe ndio ulikuwa mpango wenyewe. Wakamrusha uwanjani mechi ya kwanza.

Na usidhani zilikuwa mechi za kuchapwa tu. Ya kwanza Steelers walishinda 21 kwa 18. Indianapolis ilikuwa 31 kwa 28. Tennessee 12 kwa 9, tena muda wa nyongeza. Tarehe 10 Desemba, Green Bay walipokuja, Kizer alikuwa ametuletea uongozi wa 21 kwa 7 robo ya nne, nami nikaanza kumtumia mama yako ujumbe kazini kwamba leo ndiyo leo. Green Bay wakasawazisha zikiwa zimebaki sekunde chache. Muda wa nyongeza, mtu mzima wa safu ya ulinzi anamfuata, kijana anarusha mpira juu bila kuangalia, unanaswa, mchezo umekwisha 27 kwa 21. Ninapokumbuka pasi ile siwazi ujinga. Nawaza mtu ambaye miezi mitatu mfululizo amekuwa akikimbizwa na watu wenye kilo zaidi ya mia, na pembeni yake hakuna hata mmoja aliyewahi kupita njia hiyo amwambie tulia.

Siku tatu kabla ya mechi hiyo, Sashi Brown alikuwa amefukuzwa. Hilo umeliandika kama kejeli ya historia, kwamba mpanzi hakuvuna. Lakini ulipaswa kuendelea mbele. Mwaka 2022 Brown aliteuliwa rais wa Baltimore Ravens, klabu iliyozaliwa pale Art Modell alipoihamisha timu yetu baada ya msimu wa 1995. Simlaumu, ni mtu mwenye uwezo na amepata kazi inayomfaa. Kizer naye? Machi 2018 akabadilishwa kwenda Green Bay, na hakuanza tena mechi yoyote ya NFL. Rekodi yake kama kwotabeki wa kuanza imebaki mechi 15, kufungwa 15. Mpango mmoja, watu wawili: mmoja sifuri ile kwake ni aya katika wasifu wa kazi, mwingine sifuri ndiyo kazi yenyewe.

Utaniambia alilipwa pesa ambazo baba yako hataziona. Kweli. Utaniambia pia hakuna aliyemwagiza mtu apoteze, na hapo uko sawa: kocha Hue Jackson alipodokeza mwaka 2022 kwamba alilipwa kwa kufungwa, ligi ikafanya uchunguzi ikasema haikuona ushahidi. Wachezaji walicheza kushinda, ndicho kinachoniuma. Ofisini walijua kwamba kufungwa kunavumilika, kwa sababu wao walikuwa wanahesabu miaka minne au mitano. Wachezaji wa NFL wengi wao hawadumu miaka minne. Muda uliowekezwa haukuwa wa ofisini.

Joe Thomas, mlinzi wa kwotabeki wetu, umempa ukurasa mzima, na anastahili. Mizunguko ya mchezo 10,363 mfululizo bila kukosa hata mmoja tangu 2007, makocha sita juu ya kichwa chake, mpaka msuli wa mkono ulipokatika tarehe 22 Oktoba 2017 katika mechi ile ya Tennessee. Ongeza jambo moja tu: Alex Mack na Mitchell Schwartz, waliokuwa wakisimama naye kwenye safu moja, waliondoka wote wawili Machi 2016. Mack alifika Super Bowl, fainali ya ligi, na Atlanta msimu uleule, Schwartz akaja kuichukua na Kansas City. Thomas alistaafu 2018 bila kucheza mechi hata moja ya mtoano. Wamemweka kwenye ukumbi wa mashujaa pale Canton mwaka 2023, mwendo wa saa moja kutoka kwetu, na bado naona walimkopa.

Kuna sehemu moja ambayo sikubali kabisa, nayo ni pale unapoandika kwamba mashabiki "walionyesha subira". Subira gani? Ulikuwepo mwenyewe tarehe 6 Januari 2018, una miaka 13, mashavu yamekuwa mekundu kwa baridi, tunauzunguka uwanja na maelfu ya watu ili tuchore sifuri kando ya ziwa Erie. Watu walibeba majeneza. Walichangia benki ya chakula ya mji, ndiyo, na walicheka, lakini wale walikuwa watu wenye hasira waliovaa kofia za sufu. Baadhi ya wachezaji walichukia, wakaona wanadhihakiwa. Nadhani walikosea anwani. Mabango mengi niliyosoma yalimlenga mwenye timu. Kocha alibaki na kazi, akaenda kujitosa ziwani Juni kutimiza ahadi aliyoitoa endapo timu ingefanya vibaya tena, na alipofukuzwa Oktoba hesabu yake yote Cleveland ilikuwa ushindi 3, sare 1, kufungwa 36.

Ile Alhamisi ya Septemba 2018 umeieleza kwa uzuri, siwezi kuongeza kitu. Jets wanaongoza 14 kwa 0, kwotabeki wetu Tyrod Taylor anaumia, Mayfield anaingia, tunashinda 21 kwa 17, siku 635 tangu ushindi wa mwisho, majokofu ya bia ya bure yanafunguka mji mzima. Mimi nilikunywa soda na nililewa kuliko wote.

Lakini tazama umeiweka wapi mechi hiyo katika insha: mara tu baada ya jedwali, kama risiti. Na mechi ya Pittsburgh ya tarehe 31 Desemba 2017 hukuitaja. Ile ya mwisho, 28 kwa 24, Steelers wamewapumzisha nyota wao, tumebakiza jaribio la nne, la mwisho la kusogeza mpira, na mpira uko upande wao wa uwanja. Kizer anakwepa, anatulia, anarusha pasi safi kifuani kwa Corey Coleman. Coleman anaiangusha. Coleman ndiye mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa chini ya mpango unaousifu, raundi ya kwanza ya 2016. Pasi ile Kizer alifanya kila alichotakiwa kufanya.

Isome tena insha ukiwa na mechi hiyo mbele yako. Usibadili hitimisho kwa ajili yangu. Kama bado unaona ililipa, andika ililipa, ila useme ilimlipa nani, na safu ya Kizer uitoe kwenye mabano. Ukimaliza nitumie kabla hujaipeleka. Mama yako anakusalimu, anasema Coleman umemwandika kwa K ukurasa wa sita, na anauliza kama lile jaketi zito limefika.

Baba yako