Losheni ya jua kwanza, chupa nyingine baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme neno kuhusu utunzaji wa ngozi wa Kikorea. Kurasa za urembo zimeushabikia mno, na kila zikiuandika huja na orodha ileile ya hatua kumi. Msomaji akishajumlisha bei ya chupa kumi hukata tamaa, au hununua tatu zinazotajwa sana na kuiacha ile moja yenye kazi kubwa kuliko zote: losheni ya jua.

Orodha ya hatua kumi ilipata umaarufu nchini Marekani katikati ya miaka ya 2010, ikivumishwa na maduka ya mtandaoni yaliyouza vipodozi vya Korea huko. Mwishoni mwa muongo huohuo Wakorea wenyewe walikuwa na mtindo wa kupunguza chupa. Hata zile tabaka nyingi za majimaji zina sababu ya hali ya hewa. Wakati wa baridi, joto la Seoul hushuka chini ya nyuzi sifuri, hewa hukauka, na nyumba hupashwa joto kupitia sakafu. Mtu wa Tanga au Mombasa, ambaye saa nne asubuhi jasho limeshamtoka, akipanga tona, esensi, seramu, losheni na krimu nzito juu ya uso mmoja, atavuna uso unaoteleza na vipele vya joto. Wa Njombe au Limuru mwezi wa Julai ndiye anaweza kuzifaidi tabaka mbili tatu.

Kwa siku ya kawaida, jioni safisha uso na uupe unyevu. Asubuhi unyevu mwepesi na losheni ya jua. Hizo ni hatua nne. Kilichobaki ni ziada kwa mwenye shida maalumu.

Kusafisha mara mbili, kwa mafuta kisha kwa jeli, ni kwa jioni tu, na ni kwa aliyepaka losheni ya jua au fondesheni. Watu wengi hukosea mwanzoni kabisa, kwa kulowesha uso. Mafuta ya kusafishia hupakwa uso ukiwa mkavu na mikono mikavu, pampu moja au mbili, ukisugua kwa ncha za vidole kama dakika moja, hasa pembeni mwa pua na kidevuni. Ndipo unalowesha mikono na kusugua tena mpaka mafuta yageuke meupe, halafu unasuuza. Ndani yake mna kiungo kinachoyafanya mafuta yashikane na maji yaondoke pamoja na uchafu. Ukianza na maji, yanageuka kabla hayajayeyusha kitu. Mafuta ya nazi ya jikoni hayana kiungo hicho. Hubaki usoni, na kwa wengi huziba vitundu vya ngozi.

Jeli inayofuata ni kiasi cha punje ya maharage, itoe povu kiganjani kwanza, isizidi dakika moja usoni. Ngozi ina tindikali kidogo, pH yake (kipimo ambacho namba ikiwa ndogo, tindikali ni kubwa) ni kama 4.7 hadi 5.5, ilhali sabuni nyingi za kipande zina pH ya 9 au 10. Uso unaokaza baada ya kuoshwa umevuliwa mafuta yake ya asili, na wengi hudhani hiyo ndiyo alama ya usafi. Dodoki liishie mgongoni na jiwe liishie kwenye visigino. Asubuhi maji matupu yanatosha. Mwenye ngozi ya mafuta aongeze jeli kidogo.

Kuhusu unyevu sina mengi. Tona ya Kikorea kwa kawaida ni maji yenye gliserini na viungo vinavyovuta unyevu, tofauti na zile za spiriti zinazokausha mafuta. Ipakwe kwa viganja uso ukiwa bado na umajimaji, kwa sababu pamba huinywa bure. Bajeti ikibana, iruke. Ute wa konokono unaosifiwa kila mahali ni wa kulainisha na kuleta unyevu. Anayeununua ili ufute madoa meusi atasubiri sana. Kisha weka krimu ya aina ya jeli kama unaishi kwenye joto, au krimu nzito kama unaishi kwenye baridi. Vaselini kidogo usiku huzuia unyevu usipotee, ila mtu wa Dar es Salaam haihitaji usoni. Na chunusi zinazojipanga kwenye paji la uso, kando ya nywele, mara nyingi hutokana na mafuta ya nywele yanayoshuka na jasho. Hakuna seramu itakayoziondoa kama mafuta hayo hayajapunguzwa na foronya haijafuliwa.

Sasa jua, na hapa ndipo pesa iende. Kinga inayoandikwa kwenye tyubu, yaani namba ya SPF, hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwenye kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Uso wa mtu mzima una takriban sentimita za mraba 600, kwa hiyo unahitaji kama gramu 1.2, sawa na mistari miwili iliyojaa, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye kidole cha kati. Shingo na masikio yana sehemu yao. Tyubu nyingi za Kikorea ni za mililita 50. Piga hesabu: kwa uso peke yake, mara moja kwa siku, tyubu inaisha ndani ya wiki sita hivi. Iliyodumu miezi minne haikumpa mwenyewe ile SPF 50+ aliyoilipia. Ni heri losheni ya bei nafuu unayoweza kuipaka yote inavyotakiwa kuliko ya gharama unayoidondosha kwa hesabu.

Namba ya SPF inahusu hasa mionzi inayounguza. Alama za PA, mfumo uliotoka Japani, zinahusu ile inayopenya ndani zaidi na kuzeesha ngozi, na PA++++ ndiyo ya juu. Usiziamini kupita kiasi. Mwaka 2020 losheni moja ya Kikorea iliyouzwa sana duniani kama SPF 50+ ilipimwa upya Ulaya ikakutwa na kinga ya karibu SPF 19, ikaondolewa sokoni. Kofia pana, mtandio na kivuli havina shida hiyo.

Wapo wanaosema losheni ya jua ni ya Wazungu. Ni kweli ngozi nyeusi ina kinga yake na haiungui upesi. Tatizo letu kubwa ni madoa: chunusi ya wiki moja inaacha alama ya miezi, na jua linaikoleza. Isitoshe, hata mwanga wa kawaida unaoonekana huongeza weusi kwenye ngozi yenye rangi, na losheni isiyo na rangi haiuzuii vya kutosha. Kinachouzuia ni oksidi za chuma, zile zinazoipa losheni au fondesheni rangi ya kahawia. Mwenye melasma, yale mabaka ya mashavuni yanayowapata hasa wajawazito, atafute losheni yenye rangi inayolingana na ngozi yake, au apake fondesheni ya aina hiyo juu ya ile isiyo na rangi. Hapa bidhaa za Korea zina upungufu, kwa sababu rangi zinazomfaa mtu mweusi ni chache. Zilizoandikwa "tone up" ziache dukani. Zimetiwa unga mweupe ili ung'arishe uso papo hapo, na kwetu uso unakuwa wa kijivu.

Anayeshinda nje apake tena kila baada ya saa mbili, awe dereva wa bodaboda au muuza matunda. Wa ofisini arudie kabla ya kutoka mchana. Anayeswali ana ratiba iliyo tayari: baada ya udhu wa adhuhuri, uso ukishakauka, apake tena, kwani maji na kupangusa vimeshaipunguza ile ya asubuhi na jua bado ni kali. Jasho likandamizwe kwa leso, lisifutwe. Losheni ikijikunja usoni na kutoa vipande vyeupe vidogo, kwa kawaida tabaka za chini ni nyingi mno au hazijakauka. Punguza, subiri dakika mbili au tatu, kisha ipake kwa kukandamiza badala ya kusugua. Kwa wenye ualbino haya yote si urembo, ni kinga ya saratani, na Moshi hutengenezwa losheni ya Kilisun mahususi kwa ajili yao.

Kwa madoa, kiungo cha kuanza nacho ni niasinamidi. Kanuni za Korea zinaitambua kwenye bidhaa za kung'arisha kwa kiwango cha asilimia 2 hadi 5. Seramu za asilimia 10 zinauzika vizuri, lakini ngozi nyingi huzilalamikia kwa kuwasha na kuwa nyekundu. Matone mawili au matatu kabla ya krimu yanatosha, na mabadiliko yahesabiwe kwa miezi miwili au mitatu. Kwa vitundu vilivyoziba kuna asidi ya salisiliki, usiku mbili kwa wiki, usiku ambao hakuna retino, kiungo cha jamii ya vitamini A. Retino yenyewe ianze polepole vilevile, na mjamzito asiiguse. Kosa kubwa ni kuvianza vyote wiki moja: uso ukichubuka hujui umlaumu nani, na ngozi nyeusi iliyochubuka huacha doa jipya. Jaribu kitu kimoja nyuma ya sikio kwa saa 48, kisha kitumie peke yake wiki mbili kabla ya kuongeza kingine.

Aliyekuwa akitumia mkorogo asidhani vipodozi vya Korea vitamtoa huko. Krimu nyingi za namna hiyo huwa na steroidi, na mtu akiziacha ghafla uso huweza kuwaka, kuwasha na kutoa vipele. Huyo aende kwa daktari wa ngozi, akiwa na kopo lenyewe mkononi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya, lakini bado hupenya, na kopo lenye maandishi ya Kikorea si uthibitisho kwamba halina. Tanzania, tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na huko ndiko pa kupeleka bidhaa unayoitilia shaka.

La mwisho ni tarehe, ambazo wauzaji wengi huzisoma vibaya. Korea huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Tarehe iliyoambatana na herufi 제조 ni ya kutengenezwa. Iliyoambatana na 까지 ndiyo ya mwisho wa matumizi. Wapo wanaotupa bidhaa nzima kwa kudhani ile ya kwanza ni ya kuisha, na wapo wanaouziwa iliyoisha wakiambiwa ndiyo kwanza imetoka kiwandani. Picha ya kopo lililofunguliwa yenye 12M ina maana ya miezi 12 tangu siku ya kulifungua, kwa hiyo andika siku hiyo kwa kalamu chini ya chupa. Losheni ya jua iliyokaa kwenye dirisha la duka ikipigwa na jua, au kwenye dashibodi ya gari, usiinunue hata kama tarehe ni nzuri. Ikitoka imejitenga, maji upande mmoja na krimu upande mwingine, kinga yake haitabiriki tena.

Ombi langu kwa wahariri wa kurasa za urembo ni dogo. Mnapochapisha utaratibu wa aina hii, andikeni kiasi cha kupaka na chupa itadumu siku ngapi, ili msomaji ajue gharama yake ya mwezi kabla hajaenda dukani.

Mfamasia,
Dar es Salaam