Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka zimo kwenye taarifa ya mhazini mliyokwisha kugawiwa, nami sina la kuongeza ila shukrani kwa waliolipa ada mapema. Vikao vilifanyika kila mwezi, isipokuwa kimoja cha masika kilichovunjwa na mvua. Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo lililotushughulisha kuliko yote: misururu ya mizunguko ya mawingu inayoonekana kwenye picha za satelaiti nyuma ya visiwa.

Kwanza nirekebishe kosa langu. Mwaka juzi tulipotembelea shule niliwaambia wanafunzi kwamba vile ni vimbunga vidogo. Sivyo. Kimbunga hupata nguvu kutoka kwenye joto la bahari, na upande mmoja wa ikweta vyote huzunguka kuelekea upande uleule. Mizunguko hii hupokezana: mmoja hufuata mwendo wa saa, unaofuata huenda kinyume, na msururu unaweza kufika mamia ya kilomita. Nimekwisha kuomba nafasi ya kurudi shuleni kulisema hili.

Kisiwa tulichokitazama zaidi ni Guadalupe cha Mexico, chenye kilele cha mita 1,298. Bahari ya huko ni ya baridi. Hewa ya chini hupoa, na juu yake hutanda hewa ya joto kama mfuniko. Chini ya mfuniko huo mawingu hulala mapana. Upepo ukigonga mlima hushindwa kuupanda, hupita ubavuni, na nyuma ya kisiwa huachia mzunguko kushoto, kisha kulia. Unguja haina mlima wa namna hiyo, ndiyo maana tukatazama mbali.

Kikao ninachokikumbuka ni kile cha sinia. Tulilijaza maji, tukanyunyiza binzari juu, mwenzetu akapitisha penseli polepole. Nyuma yake vikajipinda viduara vya manjano, huku na huku. Nahodha wetu mmoja akasema ameviona miaka yote kwenye nguzo za gati, maji yakipwa. Bila binzari maji yangejipinda vilevile, ila tusingeona. Mawingu ndiyo binzari ya upepo.

Mwaka 1911 huko Göttingen, Ujerumani, mwanafunzi Karl Hiemenz alihangaika kuyatuliza maji yaliyopita kwenye mcheduara, yaani kitu chenye umbo la bomba. Aliusawazisha, akaurekebisha na mfereji wenyewe, lakini maji yakazidi kuyumba. Theodore von Kármán, mtafiti wa hukohuko, akaona kwamba kasoro haikuwa kwenye vyombo, akakokotoa sababu. Misururu hii inaitwa kwa jina lake, ingawa Mfaransa Henri Bénard alikwisha kuichunguza kabla yake.

Kwa mwaka ujao napendekeza kila mwanachama ashike kisiwa kimoja, Jan Mayen, Madeira, Jeju au kingine, na kuandika tarehe kila msururu unapotokea. Daftari lipo kwa katibu. Tafadhali jiandikisheni kabla ya kuondoka.

Mwenyekiti