Ndare si lantana, waonyesheni watoto jani

Mhariri,

Niko Limuru na shule zimefungwa, watoto wako vichakani kutwa nzima wakitafuta ndare, zile beri nyeusi za miiba ambazo sisi wote huku juu tumekulia, na mimi sina shida na hilo manake ni tunda tamu na ni la bure. Lakini wiki jana mtoto wa dada yangu, miaka sita, alirudi anatapika na kuharisha, hana nguvu hata ya kusimama, na mfukoni tukapata vitunda vya kijani vya lantana, kile kichaka ambacho vitunda vyake vibichi vina sumu. Yeye anasema alikula ndare!

Sasa jameni, tusiwaambie watoto tu "ni nyeusi na ina miiba" kwa sababu lantana nayo ina miiba na vitunda vyake vikiiva ni vyeusi. Waangalie jani. Jani la ndare limegawanyika, vijani vitatu, vitano au hata saba kwenye kikonyo kimoja, na aina nyingi ukiligeuza chini ni jeupe kama limepakwa unga. La lantana ni zima, halijagawanyika, majani yanakaa mawili mawili yakitazamana, linakwaruza kama msasa, na ukilifikicha linanuka vikali mpaka mkono unabaki na harufu. Halafu vuta tunda. Ndare ni shanga ndogo zilizoshikana, imekalia kinyota cha kijani, iliyoiva ukiigusa tu inatoka nzima, ile inayong'ang'ania bado, iache. Lantana inachomoka punje moja moja.

Najua kuna watu wanakula lantana iliyoiva na hawaumwi, ila mtoto mdogo hatachagua nyeusi akaacha kijani, kwa hivyo wetu nimewakataza lantana yote, mbichi na iliyoiva.

Na ndare msichume kando ya barabara kubwa wala karibu na shamba lililopigwa dawa ya magugu hata kama zimejaa namna gani. Za mbali ziosheni, wadudu hujificha ndani.

Mtoto akishakula asichokijua, msingoje aanze kutapika, mpelekeni hospitali na mkate tawi lenye majani na matunda mwende nalo. Daktari alituuliza alikula mmea gani, hatukuwa na kitu cha kumwonyesha, ikabidi nirudi mbio kijijini nikakate tawi huku dada yangu amebaki amemshika mtoto.

Mzazi, Limuru