Kaka shikamoo, hii ya kutaka nimlete mwanao Hamisi huku Marekani asome nakujibu kwa barua

Asalaam alaykum wote hapo nyumbani, wifi hajambo, watoto hawajambo? Sie huku Fort Worth tuko salama alhamdulillah, kazi ipo, ya usiku tu basi. Nimeona niandike maana voisi zako kwenye grupu nimezisikiliza zote tatu, ya mwisho nikairudia, pale uliposema huyu sasa hivi mzungu damu yake haitambui. Mbele ya Mama mdogo na akina Mwanahawa Kaka! Sikulala.

Haya tuje kwa Hamisi. Huyo rafiki yako wa Raskazone hapo Tanga kakwambia mtoto aje na visa ya matembezi, akishafika shule za serikali ni bure na makaratasi ya uhamiaji hawaulizi. Nusu yake kweli ndo maana kubishana na wewe kunakuwa kugumu. Kuuliza kweli hawaulizi, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua tangu 1982 na kesi yenyewe ilitokea hukuhuku Texas, mji unaitwa Tyler, shule zilitaka kuwatoza watoto wasio na makaratasi dola elfu moja kwa mwaka, wazazi wakaenda mahakamani wakashinda. Ila Kaka kitakachomponza Hamisi sio shule, ni hiyo visa. Ya matembezi hairuhusu kusoma, akikaa darasani tu kashaivunja, na siku akitaka nyingine ndo atajua. Ukisema basi aje na ya mwanafunzi, sekondari ya serikali wanampa mwaka mmoja tu na huo mwaka gharama yote unalipa wewe, hiyo bure inaishia hapo. Mwaka wa pili aende private, na ada za private za huku hata tukiuza nyumba ya Mama hatufiki, na nyumba haiuzwi tusianze tena.

Halafu shule za serikali huku kwa kawaida huchagui, unasoma unapokaa. Unapeleka mkataba wa nyumba, bili ya umeme, karatasi za chanjo zote mpaka tetekuwanga na homa ya ini, na fomu unasaini kabisa kwamba ukidanganya ni kosa la jinai. Sasa wewe unataka mume wangu Baba Latifa asaini kwamba Hamisi kamzaa yeye. Umewahi kumuona Baba Latifa akidanganya hata umri wake?

Na hawa watu wa shule usione wanacheka na wewe, mimi washaniita. Ule mwaka wa msiba wa Mama si tulikuja na watoto tukakaa zile wiki tatu na ushee, basi siku chache za msiba walinisamehe, zilizobaki zote wakaandika utoro. Utoro! Mtoto kaenda kumzika bibi yake. Huku zikifika siku kumi ndani ya miezi sita bila ruhusa mzazi anaweza kupelekwa mahakamani, faini kosa la kwanza inafika dola mia, na mtoto asipohudhuria asilimia tisini ya siku za masomo hahesabiwi kafaulu darasa hata kama mitihani kapasi, mpaka kamati ikae. Mwanangu Salim alifidia masaa yake Jumamosi hadi Jumamosi, mpira akakosa, akaninunia mwezi mzima. Siku ya kikao walitaka Salim mwenyewe anitafsirie, nikasema hapana, mkalimani ni haki yangu mleteni, wakampigia mtu kwenye simu kumbe Mkongo, ananiambia "mama, mutoto yako alikosaka ku masomo siku mingi". Yaani nilikuwa nalia nikajikuta nacheka, mwalimu ananitazama tu. Yule baba Mungu ambariki, alinitetea kuliko nilivyojitetea.

Mengine madogo. Simu tangu 2025 Texas nzima marufuku shuleni, kengele ya kwanza mpaka ya mwisho hata saa ya kula, na Hamisi wako si ndo alirudishwa nyumbani kwa simu? Viboko sheria ya hapa bado inaviruhusu, ila mzazi akiandika kukataa hawamgusi mtoto, mimi niliandika, Baba Latifa akanicheka akasema sisi tulikula vingapi.

Lakini nikwambie ya Latifa, hii hata Mama mdogo umsomee kwa sauti. Yule mtoto aliyekuja 2019 hajui hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kiingereza, leo yuko kwenye asilimia kumi ya juu ya darasa lake zima! Kuna sheria hapa tangu 1997, ukiwa humo vyuo vikuu vya serikali vya Texas vinakupokea moja kwa moja, ila kile kikubwa cha Austin ndo kinabana, kinataka asilimia tano. Kupokelewa sio kulipiwa, najua, hilo tutaliona, usinipigie hesabu.

Ile milioni na laki mbili ya visa na nauli sitatuma. Ada ya visa peke yake dola 185 na ukinyimwa hairudi. Nimetuma laki nne kwa wifi sio kwako, samahani, ni za twisheni ya Hamisi na ile michango, maana elimu bure ya 2016 mimi naijua na michango naijua. Amalize kidato cha nne hapohapo.

Juzi mvua ilinyesha hapa nikasikia harufu ya udongo kama ya Chumbageni, nikatamani mbaazi na mandazi ya Bi Tatu mpaka nikapiga simu bila sababu, ndo ile mliyokata.

Mwambie wifi anitafutie ile kanga ya kisutu ya Mama ampe yeyote anayekuja. Mahafali ya Latifa shule imetuma karatasi nzima ya sheria za mavazi, viatu, soksi, kofia, joho lisipambwe. Nimeisoma yote, kanga ndani ya joho hawajakataza.